Honi Iliyopita Karurumo Usiku

Paukwa! Nanyi mnaitikia: pakawa! Leo sungura yuko likizo, na fisi tumemwacha na njaa yake. Mhusika wangu ni honi. Honi moja, ya sekunde moja, iliyopigwa saa nane za usiku pale Karurumo, kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Embu.

Tuseme ilikuwa hivi. Pikapu iliyosheheni miraa imetoka Meru, imepita Chuka, imevuka mto Thuci unaotenganisha Tharaka Nithi na Embu, na inakimbizana na mapambazuko kwa sababu miraa iliyonyauka hainunuliwi. Inapofika penye maduka ya Karurumo, mbwa anavuka barabara taratibu, bila wasiwasi wowote. Dereva anapiga honi. Mbwa anaruka pembeni, pikapu inapita, na kabla dereva hajafika Embu mjini atakuwa amesahau kabisa kwamba palikuwa na mbwa. Kwake yamekwisha. Kwa honi, safari ndiyo kwanza inaanza, na sisi tutaifuata.

Ndani ya honi mna kiwambo chembamba cha chuma. Umeme wa betri hukitikisa mara 400 hivi kila sekunde. Kikienda mbele kinaibana hewa, kikirudi kinaiachia. Hewa iliyobanwa inamsukuma jirani yake, jirani naye anamsukuma wa pili, na wa pili wa tatu. Hakuna hata chembe ya hewa ya barabarani inayofika kitandani kwenu. Kinachofika ni ule msukumo, unaopokezanwa kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ukiona radi imemulika, ukahesabu moja, mbili, tatu kabla ya kusikia ngurumo, unajua imepiga kilomita moja kutoka uliposimama.

Msukumo huo unaweza kwenda mbali kuliko mnavyodhani. Mwezi wa Agosti 1883 volkano ya Krakatoa, kule Indonesia, ililipuka. Katika kisiwa cha Rodrigues, kilicho upande wetu wa Bahari ya Hindi karibu na Mauritius, watu walisikia vishindo wakadhani ni mizinga ya meli iliyo baharini. Walikuwa umbali wa kilomita 4,800 hivi. Pigeni hesabu wenyewe: sauti hiyo ilisafiri kwa muda wa saa nne hivi kabla ya kuwafikia.

Honi yetu haina nguvu hizo, lakini ina bahati: ni usiku. Mchana jua huchoma ardhi, na hewa iliyo chini huwa na joto kuliko ya juu. Sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya joto, kwa hiyo sehemu ya chini ya wimbi huitangulia ile ya juu, na wimbi zima hupinda kuelekea angani na kutuacha. Usiku mambo hugeuka. Ardhi inapoa, hewa ya baridi inalala mabondeni, joto linabaki juu, na wimbi la sauti linapinda kurudi chini, mpaka kwenye paa zetu. Ndiyo maana muziki wa baa ambao saa nane mchana hukuusikia, saa nane usiku unausikia hadi maneno ya wimbo. Mwenye baa anaweza kuapa kwamba hajaongeza sauti, na huenda anasema kweli.

Nanyi mnaijua nchi yetu ilivyo. Mito inateremka kutoka Mlima Kenya, imechimba mabonde, na kati ya bonde na bonde kuna migongo yenye migomba, mikahawa na miti ya makadamia. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko, hakuna kilima kinachozikinga na barabara. Sekunde tatu baada ya mbwa kuruka, honi inagonga mabati ya nyumba moja iliyo mgongo wa pili. Ndani amelala msichana wa Gredi ya 6. Hatutamtaja jina, anaweza kuwa yeyote kati yenu.

Macho yake yamefumbwa kwa kope. Masikio hayana kope. Honi haihitaji kubisha hodi.

Inaingia tunduni na kugonga ngoma ya sikio, ngozi nyembamba iliyotandazwa mwisho wa tundu. Nyuma ya ngoma kuna mifupa mitatu iliyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini mwako. Kinaweza kulala juu ya punje ya mchele na kubakiza nafasi. Kazi ya mifupa hii ni kuukuza ule msukumo na kuuingiza kwenye koklea, mrija wenye maji uliojizungusha mara mbili na nusu. Humo ndani, juu ya utando unaocheza na maji, zimepangwa seli 15,000 hivi zenye vinyweleo. Vinyweleo vikiinama, seli inatuma umeme kwenye ubongo. Huko ndiko honi inakogeuka kuwa honi. Kabla ya hapo ilikuwa hewa inayotikisika tu.

Niwasimamishe hapa kwenye vinyweleo, maana hapa pana jambo zito. Viangalieni kama nyasi za njia ya mkato iendayo mtoni. Ukikanyaga mara moja, nyasi zinainama, na kesho zimesimama tena. Wakikanyaga watu wote wa kijiji, kila siku, mwisho panabaki udongo mtupu. Umewahi kutoka kwenye harusi yenye spika kubwa ukasikia masikio yanalia "ngiiii" na sauti za watu zikawa kama zimefungiwa kwenye blanketi? Hivyo ni vinyweleo vilivyoinama. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili. Lakini seli iliyokufa katika sikio la binadamu haioti tena, iwe ni leo au ukiwa na miaka themanini. Kuku je? Kuku huota nyingine. Wanasayansi waligundua hilo katika miaka ya 1980, na tangu hapo wanatafuta siri ambayo ndege anayo na sisi hatuna. Yule jogoo anayetuamsha alfajiri amepewa sikio lenye spea, sisi tumenyimwa.

Turudi kitandani. Je, msichana aliamka? Hapana. Aligeuka upande, akavuta blanketi, akaendelea kulala. Asubuhi mama akamuuliza amelalaje, akasema vizuri. Ukimuuliza kuhusu magari ya usiku atakujibu jibu ambalo kila mtu wa kando ya barabara kuu hulitoa: tumezoea.

Jibu hilo ndilo ninalogombana nalo. Sisemi ni uongo wa makusudi. Kinywa kimezoea, na akili pia imezoea, lakini mwili hauzoei. Watu wamelazwa katika maabara za usingizi wakafungwa nyaya za kupima moyo na ubongo, kisha wakachezewa kelele za magari usiku kucha. Baada ya usiku kadhaa wanaacha kuamka, na asubuhi hawakumbuki kitu. Mashine inakumbuka. Inaonyesha kwamba kila gari likipita moyo uliongeza mapigo, mishipa ya damu ikajibana, usingizi mzito ukapanda kuwa mwepesi. Ni mwili wa kale huo, wa babu zetu waliolala porini, ambao kwao kishindo cha usiku kilikuwa simba au adui. Mwili huo ukisikia kishindo unamwaga adrenalini na kotisoli kwenye damu ili mtu awe tayari kupigana au kukimbia. Haujaambiwa kwamba ilikuwa pikapu ya miraa.

Mara moja si neno. Mara thelathini kwa usiku, kwa miaka ishirini, ni hadithi nyingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2011 kwamba kelele za barabarani huwanyang'anya watu wa Ulaya Magharibi si chini ya miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka, kupitia usingizi uliovurugwa, magonjwa ya moyo na mengineyo. Mtu wa Karurumo mwenye presha atakwambia ni chumvi, au ni mawazo, au ni ya ukoo. Huenda yote ni kweli. Ni nadra kumsikia akitaja barabara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa masikio kutoka New York, Samuel Rosen, alifunga safari kwenda kuwapima Wamabaan, wakulima na wavuvi waliokaa karibu na mpaka wa Ethiopia, katika nchi ambayo siku hizi ni Sudan Kusini. Hawakuwa na injini wala bunduki. Hata ngoma hawakuzipiga, waliimba na kucharaza kinubi. Siku nyingi kijiji chao kilikuwa kimya kuliko maktaba ya mjini. Rosen aliwakuta wazee wa miaka sabini wanasikia vizuri kuliko wazee wa Marekani wa umri wao, tena kwa mbali sana. Akapima na presha ya damu, nayo haikupanda kadiri umri ulivyopanda. Wapo waliomjibu kwamba wazee wale hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo umri ulikuwa wa kukisia, na kwamba chakula chao na kutembea kwao pia vilichangia. Ni hoja nzuri, nami sizipingi. Lakini tangu wakati huo imekuwa vigumu kusema kwamba uziwi wa uzeeni ni wa uzee peke yake.

Haya, kumekucha Karurumo, na mchana una kelele zake. Hapa ni lazima niwafundishe kipimo. Kelele hupimwa kwa desibeli. Sifuri ni sauti ndogo kabisa ambayo sikio zima linaweza kuipata, mnong'ono ni 30 hivi, mazungumzo ya kawaida 60. Ila desibeli ni hesabu yenye ujanja. Ukiongeza 3, nguvu ya sauti imekuwa maradufu; ukiongeza 10, nguvu imekuwa mara kumi. Kwa hiyo kinu cha kusaga mahindi kikitoa 90, na mwenye kinu akawasha cha pili kama hicho kando yake, jumla haiwi 180. Inakuwa 93. Hizo 3 zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa vinyweleo vya sikio ni mzigo maradufu.

Vinu vya nyundo hufika 90 kwa urahisi na vingi hupita. Grainda ya fundi wa jua kali anayelainisha mlango wa chuma hukaribia 100. Msumeno wa injini unaopasua mti wa grevilea huweza kufika 110. Hamna mashine ya kupimia, najua, kwa hiyo tumieni hii: simama hatua moja kutoka kwa rafiki yako. Ikibidi upige kelele ndipo akusikie, hapo mko kwenye 85 au zaidi, na ni mahali pa kununua unga na kuondoka, si pa kufanyia mazungumzo ya nusu saa.

Kijana anayekaa na kinu kutwa nzima hawezi kuondoka. Kwa ajili yake kuna kanuni za serikali za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini, zinazosema mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku. Kwa maoni yangu 90 ni ukarimu uliozidi. Nchi nyingi huweka 85. Na hata hiyo 90, nani anaipima kwenye kibanda cha mabati cha sokoni? Wengi wa vijana hao hujiziba kwa pamba. Pamba inazuia vumbi la unga vizuri kabisa, lakini sauti inapunguza kidogo sana. Vizibo vya masikio vya sponji, ambavyo huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya kazi, vikiingizwa sawasawa hupunguza sana kuliko pamba.

Ninyi watoto masikio yenu yana bajeti ndogo zaidi. Shirika la Afya Duniani na lile la mawasiliano la Umoja wa Mataifa yalikubaliana mwaka 2019 kwamba kwa kusikiliza muziki, mtu mzima apewe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto 75 kwa saa hizo hizo. Kila ukiongeza 3, muda unakatwa nusu. Sasa panda matatu ya kwenda Embu, ile yenye spika chini ya viti inayofanya mbavu zitetemeke. Tuseme inatoa 93. Anzeni na saa 40 mkate nusu: 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5, 87 ni saa mbili na nusu, 90 ni saa moja na robo, 93 ni dakika 37. Bajeti ya wiki nzima inaweza kuliwa na safari moja, hata kabla ya kushuka. Anayekaa viti vya nyuma juu ya spika anaimaliza mapema zaidi. Makanga aliye humo kutoka alfajiri hadi usiku, bajeti yake ya mwezi ilikwisha jana.

Shuleni nako mambo si shwari, na hapa adui mkubwa ni mvua. Mvua za masika za kuanzia Machi na zile za vuli za Oktoba zinapolishukia paa la mabati lisilo na dari, mwalimu hupaza sauti, hupaza tena, kisha huandika ubaoni na kukaa. Mwalimu anayepaza sauti hufika 70 hivi kwa aliye mita moja mbele yake. Aliye dawati la nyuma hupata kidogo sana, na ili mtoto ashike maneno yote, sauti ya mwalimu inapaswa kuizidi kelele kwa 15. Ndiyo maana darasa linatakiwa lisizidi 35 kabla mwalimu hajafungua kinywa. Mabati matupu hayajui habari hiyo.

Mtasema, mvua ni ya Mungu na inapita. Basi sikilizeni kisa cha shule moja ya New York, kisiwani Manhattan. Reli ya juu ya treni za mjini ilipita karibu na madirisha ya upande mmoja wa jengo, na treni ilinguruma kila baada ya dakika nne na ushei. Ilipopita, kelele darasani zilifika 89 na mwalimu alilazimika kunyamaza. Madarasa ya upande wa pili wa jengo lile lile yalikuwa kimya. Mama mmoja mwenye mtoto upande wa reli alilalamika kwa mwalimu wake wa chuo, mwanasaikolojia Arline Bronzaft, akitaka kwenda mahakamani. Bronzaft alimwambia kwanza upatikane ushahidi. Akaenda, akachukua alama za kusoma za pande zote mbili. Shule moja, mtaa mmoja, vitabu vilevile. Watoto wa darasa la sita upande wa reli walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima.

Hayo yalichapishwa mwaka 1975. Kisa kinanipendeza kwa sababu hakikuishia kwenye karatasi. Wenye treni walitandika mipira chini ya reli, na wenye shule wakaweka dari za kumeza sauti katika madarasa yaliyokuwa na kelele nyingi. Bronzaft alirudi kupima tena, na mwaka 1981 akaandika kwamba pande zote mbili zimelingana. Watoto hawakuwa wazito wa kichwa. Walikuwa wanakosa maneno. Mkiona shule iliyo kando ya barabara yetu, madirisha yakiangalia lami, na upande mwingine kuna vyumba vya stoo, kumbukeni kwamba kubadilishana vyumba hakuhitaji mfadhili.

Hata ng'ombe aliye kwenye zizi nyuma ya nyumba anashiriki. Ili maziwa yateremke kwenye chuchu, ubongo wake hutoa homoni iitwayo oksitosini. Akishtuliwa na kishindo, adrenalini inaifungia njia, na kwa dakika kadhaa utavuta chuchu bure. Ndiyo maana nyanya zenu hukamua huku wakiimba kwa sauti ya chini na huwafukuza watoto wapiga kelele. Walijua matokeo kabla ya homoni kupewa jina.

Na ndege. Mwaka 2020, Machi tarehe 27, Kenya iliingia katika kafyu ya usiku kwa ajili ya korona, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Baa zikafungwa na barabara zikanyamaza. Miji mingi duniani ilifanya vivyo hivyo. Kule San Francisco watafiti walirekodi shomoro wa mjini wakagundua kwamba, magari yalipopungua, walikuwa wameshusha sauti, na bado wimbo wao ulifika mbali zaidi. Kumbe miaka yote walikuwa wanapiga kelele ili wasikilizane. Naona kama Karurumo sokoni siku ya gulio.

Sasa jua limezama tena, na kuna jambo la sheria ambalo watu wazima wengi hawalijui. Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, na zinasimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwa kanuni hizo usiku huanza saa mbili na dakika moja jioni na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Mchana, eneo la biashara linaruhusiwa 60. Makazi yaliyochanganyika na biashara ni 55. Mahali pa ibada 40. Usiku, wote wanateremshwa sawasawa: 35. Duka, baa, kanisa, nyumba ya tajiri, nyumba ya maskini, ni 35 kwa wote.

Napenda ngoma, msinifikirie vingine. Jirani zetu wa Chuka wana ngoma zao ndefu wanazozibana kwa mapaja na kuzipiga hadi ardhi inaitika, na atakayeniambia hiyo ni kelele tutakosana. Napenda pia nyimbo za kesha. Ninachouliza ni swali la hesabu tu: spika inaimba kwa ajili ya nani?

Chukueni kalamu. Katika uwanja wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya spika hupungua 6. Spika ya kesha ikitoa 100 ukiwa mita moja mbele yake, na hiyo ni spika yenye adabu, basi mita 2 ni 94, mita 4 ni 88, mita 8 ni 82, mita 16 ni 76, mita 32 ni 70. Waumini wote wako ndani ya mita hizo 32, na 70 inawatosha na kuzidi. Endeleeni: mita 64 ni desibeli 64, mita 128 ni 58, 256 ni 52, 512 ni 46, na mita 1,024, zaidi kidogo ya kilomita, ni 40. Ng'ambo ya bonde, kitandani kwa mtu asiyehusika, bado tumevuka 35 ya sheria, na tumeiacha mbali 30 ambayo Shirika la Afya Duniani huitaka kwa chumba cha kulala. Hesabu hii haijaweka ukuta wala upepo, na kuta hupunguza. Lakini haijaweka pia ile hewa baridi ya usiku inayoirudisha sauti chini, wala spika ya pili na ya tatu.

Halafu rudini mwanzo, shusheni kitufe mpaka spika itoe 90, muifanyie hesabu upya. Aliye mita 32 anapata 60, sauti ya mazungumzo, neno halimpotei. Aliye kilomita moja anapata 30. Na kama spika imetundikwa juu ya mti ikiangalia bondeni, ishusheni, muigeuze iwaangalie walioketi, kisha mpige hesabu ya tatu.